Nimemaliza kozi ya sauti ya Kigiriki, mbona bado siongei?

Mpendwa Mshauri,

Pole na kazi. Najifunza Kigiriki cha kisasa kwa kozi za sauti peke yake, maana muda wa kukaa na kitabu sina. Kozi moja nimeimaliza mpaka mwisho, ya pili nimefika katikati, na ya tatu huwa naichomekea siku ninapozichoka zile mbili. Zote zinafundisha kwa Kiingereza. Nasikiliza njiani na nikiwa nafua au napiga pasi, na ninaposikiliza naona kabisa kwamba naelewa: mwalimu anauliza, jibu linatoka kwenye rekodi, nami nasema moyoni, ndilo hilo hilo.

Rekodi ikizimwa, hakuna kitu. Nikitaka kusema "nataka kwenda kesho", neno la "nataka" nalifahamu na la "kesho" nalifahamu, lakini sentensi haiji, na ikija imechanganyika na ya kozi nyingine. Mgiriki mmoja niliyeongea naye kwa simu alinielewa kwa shida hata niliposema asante. Redio ya Kigiriki nayo nikiifungua, siambulii hata yale maneno ninayoyajua.

Kusoma sijui. Kijitabu cha kozi kimeandika maneno kwa herufi za Kilatini, "kaleemera", "efharisto", "then ksero", nami nimeyanakili hivyo hivyo daftarini. Walimu wa kozi wenyewe wanasema nisishughulike na maandishi kwanza. Je, nirudie kozi upya, nitafute iliyo bora zaidi, au nianze herufi? Na swali la ziada: lengo langu la mbali ni kusoma Agano Jipya kwa lugha lililoandikiwa. Njia hii itanifikisha huko?

Msikilizaji Aliyekwama

Ndugu Msikilizaji,

Kozi nyingine usitafute. Ulizonazo zinakutosha kwa muda mrefu. Kilichoharibika ni namna ya kuzitumia, na kinarekebishika bila kulipia chochote.

Tuanze na hilo la "naelewa nikisikiliza". Kulitambua jibu ukishalisikia ni rahisi. Kulitoa kabla hujalisikia ndiyo kazi yenyewe, na kozi hizi zimejengwa juu ya kazi hiyo. Paul Pimsleur, mwanaisimu wa Marekani ambaye kozi yake ya kwanza kabisa, ya mwaka 1963, ilikuwa ya Kigiriki, alieleza mpango wake katika makala ya mwaka 1967: neno jipya liulizwe tena baada ya sekunde 5, kisha sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, miaka 2. Kila pengo ni kama mara tano ya lililotangulia. Swali linakuja neno likiwa linakaribia kuponyoka, na ile juhudi ya kulivuta lirudi ndiyo inayolikaza. Ukinyamaza ukasubiri rekodi ijibu, swali limegeuka tangazo, na hakuna kilichokazwa.

Iangalie tena orodha hiyo. Mapengo ya saa na ya siku hayamo ndani ya somo moja. Yanategemea urudi kesho kwenye kozi ile ile. Ukiwa leo kwenye kozi hii na kesho kwenye ile, maneno ya Jumatatu hayaulizwi Jumanne, na kila kozi inakukuta umesahau yake. Hapo ndipo sentensi zinapopandana. Kozi moja imekuzoesha kumwambia mtu "wewe" kwa umoja, καταλαβαίνεις (katalavénis, unaelewa), nyingine imeanza na wingi wa heshima, καταλαβαίνετε (katalavénete), nawe unatoa kichwa cha moja na mkia wa nyingine.

Kwa hiyo: ile uliyofika katikati, imalize. Ile uliyoimaliza iwe ya marudio. Ya tatu ifungie mpaka ya pili iishe.

Somo jipya lisikilizwe kidole kikiwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Mwalimu akimaliza kuuliza, simamisha, sema sentensi nzima kwa sauti ambayo mtu wa chumba cha pili angeisikia, ndipo uachie rekodi iendelee. Kunong'ona hakutoshi, na sababu yake ni ya kifundi: konsonanti nyingi za Kigiriki zinatofautiana kwa mtetemo wa koo tu, θ na δ (th na dh), χ na γ (kh na gh), σ na ζ (s na z), na mnong'ono unaufuta mtetemo huo, ukabaki unazoeza mdomo sauti moja badala ya mbili. Zikipita kama sekunde 10 bila jibu, acha rekodi ijibu, rudisha nyuma kidogo, ujibu tena wewe. Somo ambalo umejibu sawasawa maswali manne kati ya matano, songa mbele. Chini ya hapo, lirudie kesho yake. Asilimia mia usiisubiri, kwa sababu masomo yanayofuata yanarudia yaliyopita kwa makusudi, na mtu anayengoja ukamilifu hubaki somo la sita hadi akachoka.

Kozi hazifanani katika jambo hili. Rekodi za Pimsleur, za nusu saa kila moja na masomo 30 kwa ngazi, zina nafasi ya kimya baada ya swali. Ni fupi, lakini ipo. Michel Thomas ana wanafunzi wawili ndani ya rekodi, na Language Transfer, kozi ya bure ya Mihalis Eleftheriou yenye masomo 120 mafupi, ina mwanafunzi mmoja. Hizi mbili ndizo zinazomponza msikilizaji mvivu, kwa sababu kuna mtu mwingine wa kujibu kwa niaba yake. Unatakiwa usimamishe wewe mwenyewe kila swali na ujibu kabla ya yule mwanafunzi. Ila usiruke anapokosea: mwalimu anapomrekebisha ndipo anapoeleza sababu. Zipo pia rekodi za zamani za taasisi ya lugha ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani, za miaka ya 1960, zinazopatikana bure. Mazoezi yake ya kubadilisha neno moja moja katika sentensi ni mazuri mno, lakini ni za kabla ya mwaka 1976, Kigiriki cha watu kilipochukua nafasi ya kile cha kiofisi, na kabla ya mwaka 1982, alama za maandishi ziliporahisishwa. Baadhi ya maneno na alama zake hutazikuta leo.

Nguo na pasi zina nafasi yake: masomo ya zamani, yale ya siku tano na ya wiki kadhaa zilizopita. Mikono ikiwa na povu huwezi kusimamisha rekodi, lakini somo ambalo majibu yake yako karibu na ulimi halihitaji kusimamishwa.

Sasa Kiingereza kilichokaa katikati. Kozi hizi zinamwelezea mtu ambaye lugha yake ni Kiingereza, na mara nyingi zinamvusha mto ambao wewe huna. Mwalimu anatumia dakika nyingi kueleza kwa nini Mgiriki hasemi "mimi" mbele ya kitenzi, kwa nini "-m-" au "-ku-" inakaa kabla ya kitenzi badala ya baada yake, na kwa nini kivumishi kinabadilika kufuata nomino. Vyote hivyo unavifanya kila siku. Chukua δεν θα σε δω (dhen tha se dho), maana yake "sitakuona". Ipange: δεν ni ukanushi, θα ni wakati ujao, σε ni "-ku-", δ- ni mzizi wa kuona, na -ω ni "mimi". Kiswahili kina ukanushi, wakati, mtendwa, mzizi, kwa mpangilio huo huo. Tofauti ni kwamba nafsi ya mtenda kwetu iko mwanzoni na kwao iko mwishoni. Hilo ndilo la kuzoeza sikio: sisi tumezoea kujua nani anatenda kwa silabi ya kwanza ya kitenzi, na katika Kigiriki mpaka ufike mwisho: θέλω (thélo) nataka, θέλεις (thélis) unataka, θέλει (théli) anataka, θέλουμε (thélume) tunataka, θέλετε (thélete) mnataka, θέλουν (thélun) wanataka. Anayemeza silabi ya mwisho amemeza mtenda.

Sentensi yako iliyokataa kutoka ni mfano mzuri. Kiingereza kinakuambia utafute namna ya kusema "kwenda", na Kigiriki cha kisasa hakina kitenzi cha namna ya "ku-". Kinasema "nataka niende kesho": Θέλω να πάω αύριο (thélo na páo ávrio). Na "nataka uende kesho" ni Θέλω να πας αύριο. Hiyo να ifikirie kama ile sura ya "niende, uende, aende", wala usiitafsiri. Swali likija kwa Kiingereza, ligeuze kwanza kichwani liwe Kiswahili cha namna hiyo, ndipo ujibu. Mwanzoni itakuchelewesha, ndiyo maana unasimamisha rekodi.

Kuna kona moja mbele ambayo Kiswahili hakikubebi. Kozi huanza na κάνω (kufanya), έχω (kuwa na), ξέρω (kujua), είμαι (kuwa), na kwa sababu nzuri: baada ya να havibadiliki. Halafu katikati ya kozi vinaingia vitenzi vyenye sura mbili, moja ya tendo la mazoea au linaloendelea, nyingine ya tendo la mara moja: γράφω (ghráfo, naandika) lakini να γράψω (na ghrápso), διαβάζω (dhyavázo, nasoma) lakini να διαβάσω (na dhyaváso), τρώω (tróo, nakula) lakini να φάω (na fáo), βλέπω (vlépo, naona) lakini να δω (na dho). Θέλω να τρώω ni kutaka kuwa unakula, kama mazoea. Θέλω να φάω ni kutaka kula sasa. Wengi huacha kozi hapa wakidhani wamesahau kitenzi. Dawa ni kuvinakili viwili viwili tangu siku ya kwanza, na kuvisema viwili viwili, kama vile umejifunza neno moja lenye miguu miwili.

Kuhusu Mgiriki aliyekuelewa kwa shida, naona mambo mawili: daftari lako na mkazo wako.

Daftari lile lichane. Mtindo wake wa kuandika ni wa Kiingereza, na wewe unausoma kwa macho ya Kiswahili. "Ee" ya Kiingereza ni "i" yetu, kwa hiyo "kaleemera" ni kaliméra tu. "Then" ya Kiingereza ni "dhen", kwa hiyo δεν ξέρω (sijui) ni dhen kséro. Ukiisoma "then" kwa th ya "thelathini" umeshabadilisha konsonanti. Kigiriki kina irabu tano, a, e, i, o, u, zile zile zetu, na hazififii zikikosa mkazo. Maelezo marefu ya kozi kuhusu irabu yapite tu. Th ya "thamani" ni θ, dh ya "dhahabu" ni δ, gh ya "ghali" ni γ, kh ya "kheri" ni χ. Neno γάλα (maziwa) linatamkwa sawasawa na ghala letu la nafaka, na χέρι (mkono) ni kheri yenye kh iliyosogezwa mbele kidogo kinywani. Mb, nd na ng zinazowasumbua wengine unazo. Hapa kuna sharti moja: kama katika mazungumzo yako ya kawaida dh huwa z, au kh huwa h, irekebishe kwanza. Να δω (na dho) ni "nione" na να ζω (na zo) ni "niishi". Na γ mbele ya sauti za e na i hugeuka y: γιατί (yatí) ni "kwa nini".

Vikundi vya konsonanti navyo vinataka kazi, maana tunapenda kuchomeka irabu: kséro inakuwa "kisero", na s ya mwisho inaota i, "kalosi". Anza kutoka irabu iliyotangulia. Sema "dhe-nksé-ro" kwa mfululizo, kisha punguza mpaka ksé isimame peke yake. Pimsleur hujenga neno kutoka mkiani, -stó, -ristó, efkharistó, na mbinu hiyo itumie kwa kila neno refu linalokushinda, hata ukiwa na kozi isiyoitumia.

Hilo neno la asante ndilo linaloonyesha ugonjwa mkubwa zaidi. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. Kigiriki kinaweza kuuweka kwenye silabi ya mwisho, ya pili au ya tatu kutoka mwisho, na mahali pake hapabahatishwi. Asante ni ευχαριστώ (efkharistó), mkazo mwisho kabisa. Ευχάριστο (efkháristo) ni "cha kupendeza". Wewe, kwa mazoea, bila shaka unasema efkharísto, ambayo si hili wala lile. Wagiriki hutegemea sana mkazo kulitambua neno, kwa hiyo ukiuhamisha wanaweza kusikia neno wasilolijua. Πότε (póte) ni "lini", ποτέ (poté) ni "kamwe". Νόμος (nómos) ni sheria, νομός (nomós) ni mkoa. Άλλα (álla) ni "vingine", αλλά (allá) ni "lakini". Nasi tunao mfano wa namna hii, barabara ya magari na ile barabara ya kusema sawasawa, ila kwetu ni nadra na kwao ni kila sentensi.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wako kuhusu maandishi. Wanachohofia ni kwamba herufi zitamfanya mwanafunzi atamke anachoona badala ya anachosikia, na kwa anayetoka kwenye tahajia ya Kiingereza hofu hiyo ni ya haki. Kwako hesabu ni nyingine. Maandishi ya Kigiriki yanaweka alama juu ya irabu yenye mkazo katika kila neno la silabi mbili au zaidi, yaani yanakuonyesha kitu kile kile sikio lako linachokikosa. Anza herufi leo. Ziko 24 na si kazi ya miezi.

Tisa za herufi kubwa unazijua tayari: Α, Ε, Ζ, Ι, Κ, Μ, Ν, Ο, Τ. Tano ndizo za kukudanganya, nazo zipe muda mwingi kuliko zote: Β ni v, Η ni i, Ρ ni r, Υ ni i, Χ ni kh. Kumi zilizobaki ni mpya kwa sura, Γ, Δ, Θ, Λ, Ξ, Π, Σ, Φ, Ψ, Ω, na kwa kuwa hazifanani na chochote hazichanganyi. Katika herufi ndogo jihadhari na ν, ambayo ni n, na ς, ambayo ni σ ya mwisho wa neno. Kisha jozi: αι ni e, ει na οι ni i, ου ni u, αυ ni av au af, ευ ni ev au ef, μπ ni b au mb, ντ ni d au nd, γκ ni g au ng. Kusoma kunanyooka haraka, maana kila herufi ina sauti yake. Kuandika kwa kusikia ni shughuli nyingine, kwa sababu sauti ya i peke yake ina ι, η, υ, ει na οι. Tahajia iache kwanza, lenga kusoma. Na usishangae alama za mkazo zikikosekana kwenye mabango: maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu hayawekewi.

Mpangilio ni huu: sikiliza somo bila karatasi, na baada ya kumaliza, si katikati, andika sentensi tano za somo kwa herufi za Kigiriki, zisome kwa sauti huku ukipiga meza kidole kwenye silabi yenye alama. Kisha weka kibodi ya Kigiriki kwenye simu na uwashe kuandika kwa sauti, useme sentensi hizo hizo. Simu ikiandika neno jingine, kuna konsonanti au mkazo umekosea. Ikipatia, usifurahi kupita kiasi, kwa sababu hubahatisha kwa kufuata maneno ya jirani. Kipimo kikali zaidi ni neno moja moja.

Redio inakushinda kwa sababu rekodi za kozi husema kila neno peke yake, na Wagiriki hawasemi hivyo. Irabu mbili zikikutana moja humezwa: μου αρέσει (inanipendeza) husikika marési, θα έρθω (nitakuja) husikika thártho, το έχω (ninacho) husikika tókho. N ya mwisho ikikutana na p, t au k huungana nayo: στην πόλη (mjini) inakuwa stimbóli, την Κυριακή (Jumapili) inakuwa tingiryakí, na wengine huitupa hiyo n wakabaki na stibóli. S mbele ya m au v huwa z: ο γιος μου (mwanangu) husikika o yoz mu. Ukingoja stin póli redioni utangoja sana. Chukua sentensi ulizozijua kwenye kozi uziseme zilizounganishwa, hata kama mwalimu hakusema hivyo. Mdomo ukishazoea kuunganisha, sikio linafuata.

Taarifa ya habari ni ngumu kwa anayeanza: msemaji ana kasi na maneno ni ya kiofisi. Tafuta utabiri wa hali ya hewa wa ERT, shirika la utangazaji la Ugiriki. Msamiati ni mdogo na unajirudia kila siku, βροχή (vrokhí) mvua, βαθμοί (vathmí) nyuzi za joto, na upepo wa Bahari ya Aigaio kwa μποφόρ (bofór), kipimo cha nguvu ya upepo. Kata dakika moja tu. Isikilize mara tatu kwa kasi ya kawaida ukiandika unachokamata, mara moja kwa kasi ya 0.75, halafu tena kwa kasi ya kawaida. Matangazo ya treni za chini ya ardhi za Athens nayo ni mazuri, maana "Επόμενη στάση" (epómeni stási, kituo kifuatacho) hufuatwa na jina la kituo. Stesheni za Kupro ziache kwa sasa. Habari zao ziko katika Kigiriki sanifu, lakini mazungumzo ni ya lahaja yao, na itakuvuruga.

Kwa wiki, masomo mapya manne au matano yanatosha, moja kwa siku. Siku ya sita rudia yale yaliyokushinda. Siku ya saba usisikilize kozi kabisa: zungumza dakika 10 peke yako au na Mgiriki wako, ukitumia ulicho nacho tu. Sentensi za kozi zigeuze ziwe zako. Kama kozi imekufundisha kuuliza "unaelewa Kiingereza?" au kusema wewe ni Mmarekani, toa hayo uweke σουαχίλι (suakhíli) na είμαι από την Αφρική (íme apó tin Afrikí). Sentensi isiyokuhusu haikai.

Na matarajio yawe ya kweli. Taasisi niliyoitaja hapo juu hukadiria kwamba mwanadiplomasia wa Marekani anahitaji takriban saa 1,100 za darasani kufikia Kigiriki cha kazi. Masomo 30 ya nusu saa ni saa 15. Kozi ya sauti inakupa mdomo uliofunguka na mifupa ya sarufi. Msamiati na usomaji huwezi kuvipata humo.

Kuhusu Agano Jipya: njia hii inakufikisha mlangoni. Utakuwa na herufi, mkazo na maneno mengi, na να yako utaikuta mzazi wake, ἵνα, katika Yohana 3:16. Lakini Kigiriki cha karne ya kwanza kina hali ya nomino (umbo linaloonyesha kazi yake katika sentensi) ambayo cha leo hakina, kina kitenzi cha namna ya "ku-", na vitenzi-sifa (vitenzi vinavyotumika kama vivumishi) vingi visivyotumika tena. Hayo yanahitaji kitabu cha sarufi ya lugha hiyo, na kozi ya sauti ya Kigiriki cha leo haitakufundisha. Jua pia kwamba vyuo vingi vya theolojia vinatumia matamshi ya Erasmus, mwanazuoni wa karne ya 16, ambamo η ni e ndefu, huku Kanisa la Kigiriki likisoma kwa matamshi ya leo: Ἐν ἀρχῇ ἦν ὁ λόγος (Hapo mwanzo kulikuwako Neno) kwao ni en arkhí in o lóghos. Baki na matamshi unayojifunza sasa. Usiyaguse yale mengine mpaka kozi uliyo nayo imalizike, ama sivyo utarudi kwenye kupandana kule kule, safari hii kwa irabu.

Mshauri